Kompyuta Isiyojua Hodi

Mezani kwangu, karibu na dirisha, kuna flopi moja nyeusi ya inchi tatu na nusu. Haisomeki tena, na hata ingesomeka sina kompyuta yenye mdomo wa kuipokea. Naitunza kwa ajili ya kitundu kidogo kilicho kwenye kona yake, chenye kipande cha plastiki kinachosogezwa kwa ukucha. Kitundu kikiwa wazi, kompyuta inasoma kilichomo ndani lakini haiwezi kuandika chochote. Bwana aliyenifundisha kazi mwaka 2001, katika intaneti kafe moja hapa Morogoro, alinionyesha kitundu hicho siku ya kwanza, kabla hata sijagusa kibodi. "Mwanangu," aliniambia, "huu ndio mlango. Jifunze kuufunga kwanza, mengine utayajua taratibu."

Tangu siku hiyo sijaacha kazi ya kompyuta. Nimetoka kafe nikaingia steshenari, nikatoka steshenari nikafungua kibanda changu mwenyewe cha ufundi, njia ya Kihonda. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni moja: "Fundi, antivirasi gani nzuri?" Wanaouliza ni walimu, wauguzi, wanafunzi, wazee waliostaafu wanaotaka kutunza picha za wajukuu. Huwa najibu kwa kifupi kwa sababu foleni ni ndefu. Hapa nitajibu kwa kirefu, na jibu lenyewe ni historia, kwa kuwa asiyejua virusi vilipita wapi jana hawezi kujua vitapita wapi kesho.

Marehemu bibi yangu alikuwa na nyumba Matombo, upande wa pili wa milima ya Uluguru, na mlango wake haukuwa na kufuli. Mchana kutwa ulikuwa wazi. Lakini hakuna aliyeingia bila kupiga hodi. Mgeni alisimama uani akaita mara tatu. Asipojibiwa, alirudi alikotoka. Na bibi hakuwa mwepesi wa kusema "karibu". Kwanza aliuliza, "Nani?" Akishasikia sauti na jina, ndipo alipokaribisha. Nyumba ile ililindwa na maneno mawili, hodi na nani.

Kompyuta ya nyumbani iliundwa bila maneno hayo. Mengi ya maafa yaliyoikuta kwa miaka 40 yametokana na upungufu huo, na kila kinga iliyofaa kitu ilikuwa ni namna ya kuifundisha mashine kuuliza, "Nani?"

Mashine iliyotuchelewea

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mali ya serikali, na hakuna aliyewaza kwamba siku moja mtu wa kawaida angekuwa na yake sebuleni. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake, baada ya mfumo wa Hazina kuleta matatizo makubwa. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa polepole miaka ya baadaye, na kompyuta za watu binafsi zikaanza kuonekana mitaani kwetu miaka ya 1990.

Katika kipindi hicho wenzetu wa mbali walikuwa wanajifunza kuishi na mashine hizi, kwa makosa na kwa machungu. Mwaka 1971 Bob Thomas, mhandisi wa kampuni ya BBN ya Marekani, aliandika programu iliyoweza kuhama yenyewe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Aliiita Creeper. Mwenzake Ray Tomlinson akaandika nyingine, Reaper, ya kuifuata na kuifuta. Yalikuwa majaribio ya wataalamu kwenye mashine za wataalamu. Mwaka 1982 jambo hilo liliingia majumbani. Rich Skrenta, mwanafunzi wa miaka 15 kutoka Pennsylvania, alikuwa amezoea kuchezea flopi za michezo alizowapa rafiki zake hadi wakaacha kuzipokea. Akaandika programu iliyojificha kwenye kompyuta ya Apple II na kujinakili kwenye kila flopi iliyoingizwa baadaye. Kila flopi hiyo ilipowashia kompyuta kwa mara ya 50, shairi lilitokea kwenye kioo. Programu hiyo haikuharibu kitu kwa makusudi, lakini ilithibitisha kwamba kitu kibaya kinaweza kusambaa kwa mikono ya marafiki wasiojua wanachobeba.

Neno lenyewe lilikuja mwaka uliofuata. Fred Cohen, mwanafunzi katika chuo kikuu cha Southern California, alionyesha mbele ya darasa jinsi programu inavyoweza kuambukiza nyingine, na mwalimu wake Leonard Adleman akaifananisha na virusi vya maradhi. Sisi Waswahili tulipolipokea neno hilo, tulikuwa tayari tunalijua kwa msiba mwingine, nao unakuja hapa chini.

Kuchelewa kwetu kulikuwa na gharama. Mashine na virusi vyake tulivipokea siku moja. Wenzetu waliumwa kidogo kidogo wakazoea kufunga milango. Sisi tulipewa nyumba ambayo wezi walikwisha kuijua vyumba vyote.

Duka la Lahore

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha mwaka 1986, kwa sababu kilianzia katika duka linalofanana na langu. Ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, walikuwa wakiuza kompyuta na programu, ikiwemo moja ya kitabibu waliyoiandika wenyewe. Walikuwa vijana. Waliona wateja wananakili programu yao na kugawiana bila kulipa, wakaamua kuweka alama ya kumfuatilia mwizi. Alama hiyo ikawa kirusi cha kwanza kinachojulikana kusambaa kwenye kompyuta za aina ya IBM, ambazo ndizo bibi wa kompyuta nyingi tunazotumia leo. Wakakiita Brain.

Nataka msomaji aone jinsi kilivyofanya kazi, maana hila yake ilirudiwa mara nyingi baadaye. Kompyuta ya wakati ule ilipowashwa ikiwa na flopi mdomoni, kitu cha kwanza ilichofanya ni kusoma sehemu ya mwanzo kabisa ya flopi na kutii maagizo yaliyoandikwa hapo. Haikuuliza maagizo yametoka kwa nani. Brain kilijiandika hapo hapo mwanzoni, kikayahamishia maagizo halali pembeni. Kompyuta ilikisoma chenyewe kwanza, kisha ikaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kuanzia hapo, flopi yoyote ya aina hiyo iliyoingizwa iliondoka na nakala.

Wale ndugu hawakuwa na nia ya kujificha. Ndani ya kirusi waliandika majina yao, anwani ya duka na namba za simu, wakimtaka aliyeambukizwa awasiliane nao apate chanjo. Simu zikaanza kulia kutoka nchi ambazo hawakuwahi kuzifikiria. Mwaka 2011, miaka 25 baadaye, mtaalamu wa Finland aitwaye Mikko Hyppönen alifunga safari hadi Lahore akiifuata anwani iliyomo ndani ya kirusi. Aliwakuta pale pale, wakiendesha kampuni ya intaneti.

Kinga ya enzi hiyo ilikuwa kipande cha stika. Flopi za inchi tano na robo zilikuwa na pengo ubavuni. Ukilibandika stika, hakuna kitu kingeweza kuandikwa humo. Flopi ndogo zilizofuata zikawa na kile kitundu ninachokitunza mezani. Kinga isiyogharimu chochote, na bado watu wengi hawakuitumia, kwa sababu kusogeza plastiki kwa ukucha ni usumbufu na flopi imetoka kwa rafiki.

Diski iliyokuja na jina la msiba wetu

Desemba 1989, watu wa nchi nyingi walipokea kwa posta bahasha zenye flopi. Zilitumwa zipatazo 20,000, baadhi kwa wasomaji wa jarida moja la kompyuta la Uingereza, nyingine kwa watu waliohudhuria mkutano wa kimataifa wa UKIMWI huko Stockholm. Maandishi yalisema flopi hiyo ina taarifa za UKIMWI. Aliyeiweka kwenye kompyuta aliulizwa maswali kuhusu maisha yake, kisha akaambiwa kiwango chake cha hatari ya kuambukizwa.

Kumbuka ulikuwa mwaka gani. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kufika 1989 kulikuwa na vijiji vya kule ambako wazee walibaki na wajukuu tu. Dawa za kuponya hazikuwepo. Mtu aliyetumiwa taarifa kuhusu ugonjwa huo angeitupaje?

Programu ile ilihesabu kimya kimya. Kompyuta ilipowashwa takriban mara ya 90, majina ya mafaili yote yalivurugwa yasisomeke, folda zikafichwa, na kioo kikaonyesha madai: lipa dola 189, tuma kwenye sanduku la posta nchini Panama. Hiyo ndiyo fidia ya kwanza inayojulikana kudaiwa kwa mafaili yaliyotekwa. Mtu aliyeshtakiwa, Joseph Popp, alikuwa mwanabiolojia Mmarekani aliyesoma Harvard na aliyewahi kuwatafiti nyani hapa Afrika Mashariki. Alikamatwa Marekani, akapelekwa Uingereza, na mahakama ikaona hali ya akili yake haimruhusu kusimama kizimbani.

Kila ninaposimulia kisa hiki huwa nasema jambo moja kwa mkazo: mwizi huyu hakuvunja kitu. Aligonga mlango akitumia jina la jambo linalotuuma. Wanaotuma leo ujumbe wa mkopo nafuu, ajira serikalini, au mchango wa mgonjwa wamerithi ufundi wake.

Barua ya mapenzi na sekunde 60

Tarehe 4 Mei 2000 barua pepe yenye kichwa kisemacho "nakupenda" kwa Kiingereza ilianza kuzunguka dunia kutokea Ufilipino. Ilikuja na faili ambalo jina lake lilionekana kuishia na herufi tatu, TXT, maana yake maandishi matupu. Lakini jina halikuishia hapo. Baada ya TXT kulikuwa na nukta na herufi nyingine tatu, VBS, zinazoiambia kompyuta kwamba hii ni programu na itekelezwe. Windows ilikuwa na kawaida ya kuficha herufi za mwisho za jina la faili ili kioo kionekane nadhifu. Msomaji aliona barua; kompyuta iliona amri. Kirusi kilifuta picha na mafaili mengine kwa kuandika juu yake, kisha kikajituma kwa kila jina lililokuwa kwenye kitabu cha anwani. Kwa hiyo barua ilifika kutoka kwa mtu unayemjua: bosi, binamu, mwalimu.

Mwandishi wake alikuwa mwanafunzi wa Manila, Onel de Guzman. Ufilipino haikuwa na sheria ya kumshtaki. Ilipitishwa mwezi mmoja na nusu baadaye. Karibu miaka 20 ikapita, mwandishi wa habari wa Uingereza akamkuta akiwa fundi wa simu kwenye kibanda ndani ya jengo la maduka, akakiri kwamba alikiandika ili aibe nywila za watu aweze kuingia intaneti bila kulipa. Nilipokisikia kisa hicho niliinua macho nikatazama kibanda changu. Kumbe kisa hiki ni cha mafundi, kama kile cha Lahore, na cha umaskini wa intaneti, vitu ninavyovijua kwa ukaribu.

Agosti 2003 nilikuwa kafe. Tulikuwa na kompyuta nane. Asubuhi moja kompyuta ya kwanza ilitoa kisanduku kinachohesabu sekunde 60 kurudi nyuma, kikafika sifuri, ikazima. Ikafuata ya pili. Wateja walidhani ni umeme. Mmoja alikuwa amefika katikati ya barua ya kumwomba kaka yake aliyeko Uingereza ada ya chuo. Akaanza upya mara tatu. Bwana aliyenifundisha alinionyesha kuandika amri moja fupi ya kusitisha hesabu, shutdown -a, na siku nzima nilikuwa nakimbia kutoka kompyuta hadi kompyuta kuiandika kabla sekunde hazijaisha.

Hicho kilikuwa kirusi cha Blaster, na tofauti yake na vilivyotangulia ilitutisha. Hakuna aliyekuwa amefungua barua wala kuingiza flopi. Ilitosha tu kompyuta kuwa imeunganishwa na intaneti, kwa kuwa Windows XP ilikuwa na tundu na ilisikiliza kila anayeita kutoka nje. Microsoft walikuwa wametoa kiraka cha tundu hilo tarehe 16 Julai, siku 26 kabla. Sisi hatukuwa nacho. Fayawoli, yaani mlinzi wa mlango, alikuwemo ndani ya Windows XP tangu mwanzo lakini aliletwa akiwa amelala. Mpaka mwenye nyumba amwamshe. Ni Agosti 2004, katika toleo la maboresho lililoitwa Service Pack 2, ndipo alipoanza kuja akiwa macho. Toleo hilo lilikuwa na megabaiti zaidi ya 260. Kwa laini yetu ya simu lingekula usiku na mchana, tena likikatika lianze upya. Tulilipata kwenye sidii iliyoletwa na basi kutoka Dar es Salaam, na nakumbuka tulivyoipokea stendi ya Msamvu kama mtu anayepokea dawa ya mgonjwa.

Enzi ya flashi

Baada ya hapo nikahamia steshenari, karibu na chuo. Kama hujawahi kufanya kazi steshenari msimu wa kukabidhi tasnifu, hujui msongamano. Wanafunzi 30 mlangoni, kila mmoja ana flashi shingoni kwa kamba, kila flashi inaingia kwenye kompyuta ile ile moja yenye printa. Daktari anayetumia sindano moja kwa wagonjwa wote angefungwa. Sisi tulifanya hivyo kila siku bila kujua ubaya wake.

Mwaka 2008 alikuja binti mmoja aliyekuwa anamaliza shahada. Alifungua flashi yake akakuta folda zake zote zipo, majina yale yale, rangi ile ile ya njano. Alipobofya, folda ilifunguka. Kila kitu kilionekana salama. Mimi niliona kitu kimoja: chini ya kila folda kulikuwa na uzito wa faili, kilobaiti mia na kitu, na folda halisi haionyeshwi uzito hapo. Niliiamuru kompyuta ionyeshe majina kamili. Kila "folda" ikaonekana ina mkia wa EXE. Zilikuwa programu zilizovaa picha ya folda. Folda zake za kweli zilikuwa zimefichwa nyuma. Kila alipobofya, aliendesha kirusi kwanza, kisha kirusi chenyewe kikamfungulia folda halisi ili asishtuke. Ni hila ile ile ya mkia uliofichwa kwenye barua ya mapenzi, miaka minane baadaye.

Tasnifu yake tuliiokoa kwa kufichua folda hizo kwa amri ya attrib, ambayo kila fundi wa enzi ile aliijua kwa kichwa. Wengine hawakuwa na bahati hiyo, maana kuna virusi vilivyofuta mafaili kabisa.

Mlango wa enzi hiyo uliitwa AutoRun. Uliwekwa kwenye Windows 95 kwa nia njema: mtu akiweka sidii, programu ianze yenyewe, asihangaike. Flashi zilipokuja, zikarithi adabu hiyo. Faili dogo la maandishi lenye jina autorun.inf liliiambia kompyuta nini cha kuendesha, nayo ikatii. Mgeni aliyeingia na kuketi kabla hujajua kuna mtu uani. Mafundi tulijitungia kinga zetu. Tulibonyeza Shift wakati wa kuchomeka flashi ili kompyuta isianze kitu. Na tulitengeneza kwenye flashi ya mteja folda tupu, tukaipa jina lile lile, autorun.inf, kirusi kikija kuandika faili lake kinakuta jina limeshachukuliwa. Niliwawekea wateja wangu kinga hiyo bila malipo, na hadi leo naiheshimu kuliko programu nyingi za kununua.

Kosa letu mafundi

Hapa lazima niseme ukweli kuhusu kazi yetu. Miaka ile, kompyuta ikisumbua, jibu letu lilikuwa "nitakupigia windo". Tuliweka Windows ya kunakili, kwa sidii iliyokwisha kupita mikono mingi, na kwa vijiprogramu vya kutengeneza namba za leseni ambavyo mara nyingi ndivyo vilivyobeba virusi. Kisha tulizima apdeti. Tulizizima kwa sababu mbili: bando lilikuwa ghali, na Microsoft walianza kuzigundua nakala bandia na kugeuza kioo kuwa cheusi. Mteja akiona kioo cheusi alirudi kugomba. Kuzima apdeti kuliokoa kelele.

Tarehe 23 Oktoba 2008 kilitoka kiraka cha dharura. Novemba kikaibuka kirusi kilichoitwa Conficker, kikipita kwenye tundu lile lile lililozibwa. Kompyuta zilizokuwa na kiraka hazikuingilika kwa njia hiyo. Zetu tulikuwa tumeziziba masikio kwa mikono yetu wenyewe. Kilipojifunza kupanda na flashi pia, kilileta hila ambayo sijaisahau: kisanduku kinachotokea ukichomeka flashi kilionyesha mistari miwili inayosema maneno yale yale, fungua folda uone mafaili, na picha ile ile ya folda. Mstari wa chini ulikuwa wa kweli. Wa juu ulikuwa kirusi. Tuliwaumiza wateja waliotuamini, na sioni njia ya kuliremba jambo hilo.

Ahueni ilitoka baharini. Julai 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM ulianza kazi, ukigusa Mombasa na Dar es Salaam, na miaka iliyofuata bei ya intaneti ikashuka. Antivirasi ni kama picha za wanaotafutwa zinazobandikwa kituo cha polisi: askari anamtambua zaidi aliye kwenye picha. Zamani picha zetu zilikuwa za miezi sita nyuma. Sasa zingeweza kufika kila siku. Mwaka huo huo Microsoft wakatoa antivirasi ya bure, na kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 ikawa inakuja ndani ya mashine. Februari 2011 wakasambaza apdeti iliyoinyima flashi ile adabu ya AutoRun hata kwenye Windows za zamani. Mashine ikawa imejifunza hodi.

Mlango sasa ni wewe

Mashine ilipojifunza, mwizi alihamia kwa mwenye nyumba. Si kwamba matundu yaliisha: tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliteka mafaili katika nchi takriban 150 kikidai dola 300, nacho kilipita penye tundu lililokuwa na kiraka tangu Machi. Lakini mengi ninayoletewa siku hizi hayahitaji tundu. Yanahitaji mtu mwenye haraka. Tangu pesa zihamie kwenye simu, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kila mmoja wetu ameshapata ujumbe usemao "ile hela tuma kwenye namba hii". Hauna programu ndani yake hata chembe. Unamtafuta mtu ambaye kweli alikuwa karibu kumtumia mtu hela. Kwenye kompyuta umevaa sura nyingine: ukurasa unaofanana na wa benki, barua inayosema akaunti yako itafungwa leo, kisanduku kinachopiga kelele kwamba umeambukizwa na upige namba hii. Sheria ya makosa ya mtandao tunayo tangu 2015, lakini hela ikishaondoka, sheria huifuata kwa mbali.

Basi nijibu swali la foleni. Antivirasi nzuri kwa nyumba nyingi ni hiyo hiyo iliyokuja na Windows, mradi apdeti zake ziwe zinaingia. Kununua nyingine si kosa, lakini hakuna inayoweza kukuulizia "Nani?" pale unapokuwa umeshasema karibu. Iamuru kompyuta ionyeshe mikia ya mafaili. Hila ya mwaka 2000 na ya 2008 zote zinafia hapo. Usimwachie fundi azime apdeti, hata akiwa mimi. Ukinunua laptop ya mtumba, uliza ina Windows gani: Microsoft waliacha kuitunza Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Nywila ya barua pepe isifanane na nyingine yoyote, iwe ndefu, na uweke uthibitisho wa hatua mbili, maana anayeshika barua pepe yako anashika funguo za vyumba vyote. Na kiungo cha benki usikibofye kwenye ujumbe. Andika anwani mwenyewe.

Linabaki lile la flopi. Kitundu chake kilinifundisha kwamba kilicho salama ni kile ambacho mashine haiwezi kukifikia. Kwa hiyo leo jioni, kabla hujalala, nakili picha za familia na kazi zako kwenye diski ya nje. Ukimaliza, ichomoe waya, uiweke kabatini. Diski iliyobaki imechomekwa itatekwa pamoja na kompyuta. Iliyo kabatini haifikiki. Kisha iache kompyuta imalize apdeti zake hata kama inakuchelewesha. Na kesho ukiletewa kitu usichokiagiza, hata kikija kwa jina la ndugu, usiwahi kusema karibu. Mpigie ndugu huyo simu, usikie sauti yake, umuulize kama ni yeye.